Barua ya wazi kwa wakuu wa upimaji na ramani: tupeni namba, si picha ya namba

Kwa wakurugenzi wa upimaji ardhi na ramani, makamishna wa ardhi, na wote mnaosimamia mifumo ya data za kijiografia serikalini,

Waheshimiwa, salamu.

YAH: HUDUMA ZA UPIMAJI ARDHI MTANDAONI

Mimi ni mpima ardhi. Kazi yangu ni kuzunguka na vyombo begani, kufukua bikoni, yaani nguzo za mipaka ya viwanja, zilizomezwa na majani, na kubishana kwa adabu na majirani wawili ambao kila mmoja ana hakika kwamba ua wa mwenzake umemwonea. Siandiki kulalamika kuwa mmechelewa kuingia mtandaoni. Mmeshaingia. Naandika kuhusu nilichokikuta humo ndani.

Nianze na usiku mmoja. Nilikuwa na kazi ya kurejesha bikoni iliyong'olewa, nikaomba ramani ya upimaji kupitia tovuti ya ofisi husika. Nikajisajili, nikalipia, nikasubiri, nikapakua faili. Hadi hapo sina neno, maana zamani ningemaliza siku mbili kwenye benchi la masjala. Nikalifungua. Ni picha. Karatasi ya zamani iliyowahi kukunjwa mara nne, ikaskaniwa ikiwa imelala upande kidogo, na mkunjo mmoja umepita juu ya jedwali la koodineti, zile namba za kaskazini na mashariki zinazosema kila bikoni iko wapi. Kaskazini ya bikoni ya pili ilisomeka ama 4,431.36 ama 4,481.36. Niliikuza picha mpaka ikabaki vumbi la vidoti vyeusi. Nikiinamisha kichwa huku naona 3, nikiinamisha kule naona 8.

Mwenye kiwanja hayo hayajui. Kwake yeye ramani "imeshatoka mtandaoni", kesho aje aone bikoni yake. Lakini tarakimu ile moja ni mita 50. Ni nyumba ya jirani, pengine na choo chake.

Kilichoniokoa ni nidhamu ya mpima aliyeichora karatasi ile miaka mingi iliyopita. Pembeni ya mstari aliandika umbali: 51.05. Nikachukua kikokotoo. Bikoni hizo mbili zinapishana mita 41.20 kwa upande wa mashariki. Nikisoma 3, zinapishana 30.15 kwa upande wa kaskazini, na umbali unatoka 51.05. Nikisoma 8, zinapishana 80.15 na umbali unaruka hadi 90.12. Basi ni 3. Asubuhi nikaenda, nikachimba pale namba zilipoelekeza, nikakuta shimo la bikoni bado lina mabaki ya saruji ukutani.

Sasa tazameni safari ya namba ile. Ilizaliwa ikiwa namba. Mpima aliikokotoa, akaiandika kwa wino. Karani akaifungia kabatini. Miaka ikapita, mkandarasi akaipiga picha. Picha ikauzwa kwangu. Nami, saa sita usiku, nikaigeuza tena kuwa namba kwa macho yangu mawili. Katika mnyororo wote huo wa kompyuta, seva na malipo ya simu, chombo pekee kilichofanya hesabu ni kikokotoo changu cha mkononi. Foleni imehama kutoka koridoni kwenda kwenye skrini, ila karatasi imebaki kuwa karatasi.

Kama ingekuwa ni za kale tu ningenyamaza. Kinachouma ni kazi za leo. Leo napima kwa chombo kinachotunza vipimo chenyewe, nakokotoa kwa programu, nina faili safi lenye kila pointi. Kisha natakiwa kulichapa, kusaini, kupiga mhuri, kuliskani na kulipakia kama PDF. Upande wa pili anakaa afisa anayelisoma kwenye skrini na kuandika upya koodineti zangu kwa vidole ili azikague. Namba zilizotoka kwenye mashine zinapitishwa kwenye vidole vya binadamu ili zirudi kwenye mashine. Akikosea tarakimu moja, kazi inarudishwa kwangu na maneno "haifungi", yaani mistari ya mpaka ikihesabiwa hairudi pale ilipoanzia.

Na si kwamba jambo lenyewe haliwezekani. New Zealand ina Landonline, ambako wapima huwasilisha kazi zao kama data, na mfumo unazikagua kwa kanuni kabla mtu hajazigusa. Mstari usipofunga, mpima anaambiwa palepale, hasubiri wiki tatu. Afisa anabakiwa na kazi inayohitaji akili yake: je, mpaka huu una mantiki, je, ushahidi wa uwandani unatosha? Hiyo ndiyo kazi aliyoisomea. Kuhesabu kama mstari unafunga si kazi ya mtu mwenye shahada.

Huduma ninayoipenda kuliko zote, na ambayo ningependa kila mkurugenzi aijaribu mwenyewe siku moja, ni ile ya kukokotoa nafasi kutokana na vipimo vya setilaiti. Idara ya jiodesia ya Marekani, yaani ya upimaji wa dunia na umbo lake, inaendesha OPUS. Unaweka antena juu ya alama yako, unaiacha ikusanye mawimbi kwa saa 2 au zaidi (ipo pia njia ya kuanzia dakika 15), unatuma faili, na baada ya muda mfupi unarudishiwa koodineti kwa barua pepe. Bure. Kanada ina CSRS-PPP, unachotakiwa ni kujisajili. Geoscience Australia ina AUSPOS, na hii inapokea faili kutoka popote duniani. Maana yake mpima mwenye chombo kimoja, asiye na mtaji wa kununua cha pili, anafanya kazi ya kiwango cha sentimita akisaidiwa na serikali ya nchi ambayo hajawahi kukanyaga, wakati idara ya nchi yake ina vituo vya setilaiti vinavyorekodi usiku na mchana na data zake zinahitaji barua ya maombi, nakala mbili.

Lakini si ubure ulionivutia. Ni kwamba ripoti inayorudi haioni haya kutaja udhaifu wake. Kila koodineti inakuja na makadirio ya kosa lake: hapa naiamini kwa kiasi hiki, kimo nakiamini kwa kiasi pungufu ya hapo, angalia. Sasa linganisheni na tovuti moja ya ardhi niliyowahi kuitumia. Ilinipa eneo la kiwanja kwa desimali nne, kwa kujiamini kabisa, na nilipochunguza nikagundua eneo lenyewe lilikokotolewa moja kwa moja juu ya ile ramani ya nyuma inayopendeza machoni, yenye projeksheni (namna ya kulaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa) ya Mercator ya mtandaoni. Projeksheni hiyo hurefusha vitu kadiri unavyoondoka ikweta. Kwenye latitudo 60 urefu unakuwa mara 2 na eneo mara 4. Karibu na ikweta kosa ni dogo kiasi cha kutoonekana, na hapo ndipo hatari ilipo: mfumo unapita majaribio yote, unazinduliwa kwa ngoma, halafu unapelekwa mahali pengine kama ulivyo.

Ndiyo maana nasema namba peke yake nayo haitoshi. Koodineti isiyotaja mfumo wake wa marejeo, yaani msingi ambao namba zake zinahesabiwa kutoka hapo, ni kama namba ya nyumba isiyo na jina la mtaa. Koodineti za Afrika Mashariki zilizo katika mfumo wa Arc 1960, mtu akizichukua kana kwamba ni za WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, pointi inahama takriban mita 300. Si kosa la chombo, si kosa la mpima. Ni neno moja lililokosekana juu ya jedwali. Dawa yake ni nyepesi hata inatia aibu: kuna orodha ya kimataifa ya EPSG inayoupa kila mfumo namba yake, WGS 84 ya latitudo na longitudo ikiwa 4326. Andikeni namba hiyo. Andikeni na kipimo, mita au futi, na kama ni futi, futi ipi. Msicheke. Marekani walikuwa na futi mbili zinazopishana kwa sehemu 2 katika milioni, tofauti ambayo huioni kwenye rula, lakini koodineti inapofika futi milioni 2 inakuwa futi 4. Waliamua kuistaafisha ile ya upimaji mwishoni mwa 2022.

Kisha tarehe. Wengi wenu mnafanya kama ardhi imetulia. Haijatulia. Australia inasogea kama sentimita 7 kwa mwaka, na ndiyo maana koodineti za mfumo wao wa 1994 na ule wa 2020 zinapishana kwa takriban mita 1.8. Japani nayo, Machi 2011, tetemeko lilisogeza sehemu za rasi ya Oshika kwa zaidi ya mita 5. Idara yao ya upimaji ilifanya nini? Ndani ya siku chache ilisimamisha utoaji wa koodineti za alama zilizoathirika, ikapima upya, na kabla ya mwaka kwisha ikatoa namba mpya. Nimeirudia habari hii mara nyingi kwa wenzangu, kwa sababu inahitaji ujasiri ambao ni nadra ofisini: kusimama mbele ya umma na kusema namba tulizowapa jana msizitumie.

Hapo ndipo niwaulize jambo linalonikera kila siku. Alama zenu za rejea, zile nguzo na pini tunazoanzia kupima, nyingi zimekufa na hamjazizika. Orodha ipo, safi, safuwima tatu za namba. Niliwahi kutembea nusu siku kufuata alama moja, nikizunguka na antena kama mtu anayetafuta mtandao wa simu, mpaka mlinzi wa eneo akaniuliza natafuta nini. Nikamwonyesha namba kwenye skrini. Akacheka, akanionyesha barabara. Alama ilikuwa chini ya lami tangu barabara ipanuliwe. Mlinzi alijua. Waliopanua barabara walijua. Orodha ndiyo haikujua.

Idara ya jiodesia ya Marekani ina karatasi ya kila alama, iko wazi kwa yeyote. Juu ni koodineti, lakini utamu uko chini: maelezo ya njia ya kufika, alama ni ya aina gani, imekaa juu ya nini, halafu historia yake. Mwaka fulani iliwekwa. Mwaka fulani ilionekana iko salama. Mwaka fulani ilitafutwa haikuonekana. Na mtu yeyote aliyeifikia anaweza kupeleka taarifa. Kitu hicho hakihitaji mkopo wa benki wala mtaalamu mwelekezi kutoka ng'ambo. Kinahitaji safuwima mbili zaidi, "ilionekana lini" na "ikiwa katika hali gani", na mtu wa kupokea ujumbe. Sisi tunazipitia alama hizo kila wiki. Mngetuuliza tungewaambia bure.

Kuhusu kupokea kosa, Uholanzi wamelifanya kuwa sheria. Ofisi ya serikali inayotumia rejista za msingi ikitilia shaka taarifa, ina wajibu wa kuripoti. Si hisani, ni wajibu. Kwetu wengi, anayeripoti kosa anaonekana mchokozi, na mara nyingine anaambiwa alete ushahidi, alipie upekuzi wa jalada, kisha aandike barua. Nimejifunza kunyamaza. Nakiri hilo, na silionei fahari.

Kuhusu bei nitasema kidogo tu, maana naona wengi wamelisema. Kulipia kazi ya afisa anayekagua na kuidhinisha ni haki. Kulipia koodineti za alama zilizojengwa kwa kodi, hapo sielewi. Marekani waliuza picha za setilaiti za Landsat kwa miaka mingi. Mwaka wao mzuri wa mauzo, 2001, ziliuzwa takriban 25,000. Walipozifungua bure mwaka 2008, haikuchukua muda zikawa zinapakuliwa zaidi ya milioni 1 kwa mwaka. Denmark nao walifungua data zao za msingi za ramani mwaka 2013. Kama hazina inawabana, basi angalau fungueni alama za rejea. Kila mpima asiyezipata hufanya upimaji wake uelee peke yake, na ninyi ndio mtakaokuja kuulizwa kwa nini viwanja viwili vilivyoidhinishwa na ofisi moja vinapandana.

Wapo watakaoniuliza: je, tuanike kila kitu? Hapana, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu. Umbo la kiwanja, namba yake na koodineti zake viwe wazi, kwa sababu mpaka ni habari ya watu wawili siku zote, wa huku na wa kule. Jina la mwenyewe, namba yake ya kitambulisho, deni lake la benki na nakala ya saini yake visiwe wazi kwa kila mpitanjia. Nimeona mifumo iliyofanya kinyume: inaficha koodineti kama siri ya vita, halafu kwenye PDF ileile inabandika kitambulisho cha mmiliki, uso na yote. Anayeruhusiwa kuchungulia taarifa za mtu aache alama ya mguu. Estonia raia anaweza kuona ni ofisi gani imeangalia taarifa zake kwenye rejista ya watu. Kitu cha namna hiyo kwenye ardhi kingewapunguzia madalali usingizi.

Na mnapoandika mkataba na mkandarasi wa mfumo, naomba mstari mmoja tu: siku akiondoka, data zote zitoke katika muundo ulio wazi unaofunguka bila programu yake. Hata CSV, faili nyonge kuliko yote, la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, linatosha kwa orodha ya pointi. Nimeshuhudia mfumo mzuri kwa macho ukifa kwa sababu leseni iliisha, na wapima wakarudishwa kwenye kabati la chuma. Kabati lilifunguka, tushukuru.

Najua jibu la kwanza litakalokuja mezani: tuna karatasi laki kadhaa, tutazigeuza zote kuwa namba kwa bajeti gani? Waheshimiwa, msianze nazo. Anzeni na kazi inayoingia Jumatatu ijayo. Ipokeeni kama data, pamoja na mfumo wa marejeo, kipimo, tarehe na njia iliyotumika kupima. Kutoka siku hiyo shimo linaacha kuongezeka. Za zamani zitageuzwa kadiri zinavyoombwa, na nusu ya kazi hiyo inafanyika tayari, kila usiku, kwenye meza za wapima, bila ninyi kuilipia.

Maana nirudi kwenye ile karatasi yangu. Namba zake zote nimeshaziandika upya, bikoni kumi na moja. Nimezikagua kwa umbali na mwelekeo wa kila mstari, nimefunga umbo zima, nimezilinganisha na bikoni nne nilizozikuta ardhini. Faili ninalo, kilobaiti chache tu. Nilitafuta kwenye tovuti pa kulirudisha. Kuna kitufe cha "omba", kuna cha "lipia", kuna cha "pakua". Cha "rudisha" hakipo. Kwa hiyo wiki ijayo mpima mwingine akipewa kazi kwenye kiwanja cha jirani, ataomba karatasi ileile, atalipia picha ileile, na atakaa usiku akiinamisha kichwa huku na kule juu ya ile 3.

Mkishaweka hicho kitufe, nijulisheni. Faili langu nitalituma siku hiyohiyo.

Wenu mtiifu,
Mpima ardhi wa uwandani